Kesi Niliyoipeleka Makueni

Nilipokata shauri kuachana na mume wangu, nilikuwa askari wa jeshi katika kambi moja kule Garissa. Yeye alikuwa Kikima, upande wa Makueni, kwa wazazi wake, pamoja na binti yetu. Kwetu mimi ni Kwa Vonza, upande wa Kitui. Nilidhani kuamua kuachana ndiyo kazi. Kumbe ilibaki kuchagua mahakama.

Wakili alisema naweza kufungua kesi Kitui au Makueni, hata Garissa ninakofanya kazi. Mama yangu alitaka Kitui. Aliona Makueni watu wa mume wangu watajaza mabenchi, nami nitasimama peke yangu kama mwizi. Lakini wakili alinionya kwamba mume asipofika Kitui, kesi inaweza kuahirishwa tena na tena, na mkubwa wangu kambini hawezi kunipa ruhusa kila mara.

Nikaenda Kikima likizoni kumwona mtoto. Mama mkwe alinimiminia chai. Mume alikuwa ameshasikia habari. Aliketi mlangoni, akaongea polepole bila kunitazama.

"Ukipeleka Kitui, mimi sikuji. Na huyu mtoto hutamwona."

Nje binti yetu alikuwa akifukuza kuku kwenye mahindi. Nimepiga doria mahali ambapo kila kichaka kinatisha, lakini siku hiyo niliogopa kujibu. Nilijua nikijibu vibaya, nitateremka kilima cha Kikima bila hata kumuaga mtoto.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Tangu nilipoolewa aliniita mwiitu, yaani binti yangu.

"Mwiitu, lete hiyo kesi Makueni. Huyu asipokwenda, nitakwenda mimi niseme mtoto analelewa na nani."

Mume alitoka akaenda zake.

Nilifungua kesi Makueni. Mama yangu alikasirika, akakataa kunisindikiza. Mabenchi yalijaa kweli, na mashemeji walinikodolea macho mpaka shingo ikaniuma. Mume alikuja. Mama mkwe alisimama, akaeleza kwamba mtoto analala kwake, anakula kwake, na kwamba mimi sijawahi kumaliza likizo bila kufika.

Tuliachana. Korti iliamua mtoto asome Kikima, na likizo zangu awe nami Kwa Vonza. Pale nje mume aliondoka na ndugu zake. Mama yake alibaki, akaniuliza nitakuja lini kumchukua mtoto, ili amsuke nywele mapema.