Jina la Tatu

Mimi ni Jentrix, dada mkubwa wa Mukhisa, na kama kuna mtu ana haki ya kukasirika kwa niaba yake ni mimi, maana yeye mwenyewe hajui kukasirika. Hiyo ndiyo shida yake tangu utotoni. Ukimnyang'anya kiazi, anakuuliza kama umeshiba.

Kazi yake ni ufundi wa shamba katika kituo kimoja cha utafiti kule Kitale. Miaka ishirini na miwili sasa. Kila msimu anavalisha mahindi mifuko ya karatasi, mmoja juu kwenye mbelewele, mwingine chini kwenye hindi changa, halafu anahamisha chavua kwa mkono, mmea baada ya mmea, ili ijulikane nani amezaa na nani. Marehemu baba alikuwa anamcheka waziwazi. Ati mwanamume mzima anaenda Kitale kuvalisha mahindi ya wenyewe nguo, na ya kwao yanakwisha na kayongo. Kayongo, kwa asiyeijua, ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau. Linanyonya mizizi ya mahindi huko chini, na mahindi yanabaki kimo cha goti. Shamba letu hapa Bungoma lilikuwa limejaa. Baba alikufa akiamini kijana wake amepoteza maisha yake bure.

Basi aliyeona dawa ya kayongo ni Mukhisa. Si profesa, si daktari. Kule kituoni kulikuwa na mistari ya mahindi iliyoamriwa ing'olewe, na katika mmoja akaona mabua kumi na moja yamesimama kijani kabisa katikati ya kayongo. Akaomba ayaache. Mbegu zake akazileta kwa shamba la mama, pale palipoharibika zaidi, akazipanda misimu sita, akikagua kila shina kwa magoti. Bosi wake, Profesa Kibe, akatafuta sababu ya gugu kushindwa. Daktari Sumeya akaifuata sababu hiyo ndani ya mbegu, huko maabara. Watu watatu, kazi moja. Na leo mama anavuna.

Mwaka jana kazi yao ikapendekezwa kwa ile tuzo kubwa ya sayansi inayotolewa Nairobi. Sheria yake ni kwamba majina yasizidi matatu. Si walikuwa watatu! Fomu ikaja, ikataka majina yapangwe kuanzia aliyechangia zaidi. Profesa Kibe ni muungwana, hilo nalikubali. Alimpigia Mukhisa simu akamwambia aijaze yeye mwenyewe.

"Anza na wewe," alimwambia. "Wewe ndiye uliyeiona."

Na ndugu yangu akafanya nini? Akaanza na profesa. Akafuatisha Sumeya, mgeni wa watu. Yeye akajiweka mwisho, akaituma. Nilipomuuliza baadaye, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali.

"Sasa dada, nijitaje mbele ya wageni kwa mdomo wangu?"

Kwetu mwenye nyumba hunawisha wageni mikono, huwagawia nyama, halafu yeye anakula mwisho. Ukianza wewe, utasemwa mpaka kaburini. Mama alitufundisha hivyo kwa kiboko. Mimi pia ningejaza vilevile, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwezi wa pili simu ikaja. Wameshinda, lakini nusu. Majaji walishindwa kuchagua kati ya mahindi yetu na kazi ya watu wawili waliopima namna nyota zinavyotetemeka. Wakaamua kuigawa tuzo. Nyota na kayongo, wapi na wapi? Kwanza nilicheka. Halafu Mukhisa akanieleza polepole, na kicheko kikakatika. Tuzo imegawanywa, lakini sheria ni ileile: majina matatu tu kwa tuzo nzima. Watu wa nyota ni wawili na kazi yao haitenganishiki. Kwa mahindi limebaki jina moja, na majaji wamechukua la kwanza kwenye fomu.

Profesa aliandika barua mbili. Akasema yuko tayari kujiondoa, Mukhisa aingie. Wakamjibu kwamba orodha haibadilishwi, na akijitoa, mahindi yanatoka naye. Sasa niambie, hapo unamshika nani shati? Watu wa nyota walifanya kazi yao kwa haki. Majaji walifuata karatasi. Wiki nzima nilitafuta mtu mbaya wa kumtukana na sikumpata, na hasira bila mwenyewe inakula tumbo.

Lakini kubwa zaidi ni mama. Fomu ilipotumwa, Mukhisa alimwambia kwamba jina lake litatajwa Nairobi. Usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa, walisema wahenga, na mama alikata, akashona, akavalisha. Aliwaambia akina mama wa kanisa. Alienda kaburini akamwambia baba. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, ila masikio yapo, na alitaka kusikia jina hilo kabla hajamfuata mzee. Mukhisa alitoka Kitale Jumamosi tatu kuja kumweleza ukweli. Mara zote tatu alikunywa chai akarudi. Akaniomba mimi niseme. Mimi, na mdomo huu wangu wote, nilishindwa.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa mchana. Profesa alimtaka Mukhisa aende Nairobi akae naye ukumbini, akakataa. Akaja nyumbani akaketi karibu na mama. Akina mama wa kanisa walijaa sebuleni, nikafungua sherehe kwenye simu yangu, nikaiunganisha na spika ya redio. Wakaitwa wale wawili wa nyota. Akaitwa Profesa Kibe. Makofi yakapigwa, bendi ikaanza kupiga, na kila mwenye macho akaona kwenye simu watu wanainuka vitini kuondoka. Wageni wetu wakaanza kuangalia chini. Nikanyoosha mkono nizime.

"Jentrix, acha simu," mama akasema. "Wanaanza na wageni. Mwenye nyumba anatajwa mwisho."

Nilimwangalia Mukhisa. Alikuwa ameushika mkono wa mama.

"Ndiyo, mama," akasema.

Nikairudisha simu mezani, tukaendelea kusikiliza bendi.