Vichanja vya Mama Mkubwa

Mwaka jana nilishuka tena kutoka Mbinga kwenda kumwona mama. Barabara ile ya kona unaijua: unaacha baridi ya mashamba ya kahawa juu, joto linakukuta njiani, na ziwa linajitokeza chini kabla hujalitarajia. Basi likaingia stendi. Niliposhuka nilivuta pumzi kutafuta harufu ya usipa, dagaa wa ziwa letu, nikapata moshi wa pikipiki na mafuta ya chipsi. Stendi ile ilijengwa palipokuwa na vichanja, na kila ninapokanyaga pale moyo hunisuta, ingawa uamuzi ulikuwa wa baraza, si wangu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Nilipokuwa mdogo, ufukwe ule wote ulikuwa vichanja vya fito na nyavu kuukuu, akina mama wakianika usipa tangu asubuhi. Jua likipanda, harufu iliingia hadi darasani. Wachuuzi wa Umatengo, kule milimani, walishuka na maharage, wakapanda na magunia ya usipa. Sisi watoto tulifukuza kunguru, na ujira wetu ulikuwa usipa wa kukaanga na ugali wa muhogo. Kichanja nilichokilinda kilikuwa cha jirani yetu, ambaye nilimwita mama mkubwa ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Alikuwa mjane, nyonga moja mbovu, akitembea kwa kuelemea upande. Usingizi wangu wa mchana niliulala kwake zaidi kuliko kwetu.

Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na hivyo mjumbe wa baraza la mji wetu mdogo. Walikutana kwenye ghala la zamani la ushirika, lisilo na vioo madirishani, na watu walikaa nje kusikiliza kama wanaosikiliza mpira redioni. Mambo yalikuwa yale yale: mbuzi wanaozurura sokoni, mtaro ulioziba, nani asafishe machinjio. Mwenyekiti wa baraza aliuliza kama akidi imetimia, huku anaiona. Muhtasari ukasomwa, yakaja yatokanayo, na mwisho kabisa mengineyo, wakati huo chai na mihogo ya kuchemsha imeshafika na kila mjumbe anataka kumaliza. Mama mkubwa hakuwa na subira nao. "Usipa haukauki kwa maneno," alikuwa akisema.

Masika moja niliharisha na kutapika hadi macho yakazama. Mama alikuwa ameitwa wilayani kwenye semina. Mama mkubwa alinifunga mgongoni kwa kitenge, akapanda nami kilima hadi kituo cha afya, kwa nyonga ile ile, mvua ikitunyeshea. Nakumbuka mgongo wake ukiyumba, na sauti yake ikinikataza kulala. Mama aliporudi alinikuta kitandani, nimebaki mifupa. Alikaa pembeni yangu, akinishika mguu.

Baraza lililofuata nilikuwa nje ya dirisha, nimeegemea paja la mama mkubwa. Walipofika kwenye mengineyo, mama akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nzi wa vichanja wanaingia majumbani mwetu. Mwanangu nusura afe. Naomba vichanja vihamishiwe ng'ambo ya mto."

Mjumbe mmoja mzee akasema, "Ule mto masika hauvukiki, na wanaoanika wengi ni akina mama watu wazima."

"Wangu amepona," mama akajibu. "Wako akiugua, atapona?"

Ni nani angeinua mkono kupinga uhai wa mtoto? Hoja ikapita.

Nilisikia paja la mama mkubwa likikakamaa chini ya kichwa changu. Kisha akanipangusa mdomo kwa ncha ya kanga. "Twende nyumbani. Jua linakuchoma, bado hujapata nguvu."

Jioni mama alikwenda kwake, nami nikamfuata nyuma.

"Dada, sikukukusudia wewe," mama alisema.

"Najua. Mtoto hana kosa kwa kuugua, na mama hana kosa kwa kuogopa." Alikuwa anachambua usipa wa kesho, hakuinua uso. "Ila mimi mto ule siuvuki."

Na kweli hakuuvuka. Vichanja vilivunjwa, wenye miguu wakahamia ng'ambo, yeye akajaribu kuuza maandazi mlangoni kwake. Biashara haikwenda mbali. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka Ukata, kule milimani kwenye mahindi na ukungu, mtu aliyezaliwa akisikia mawimbi.

Baada ya yeye kuondoka, bwana afya alipima kisima chetu. Choo cha jirani mwingine kilikuwa kikivujia humo. Maji tuliyokunywa ndiyo yaliyoniangusha. Mama alirudi barazani kuomba vichanja virejeshwe, akaambiwa eneo limeshatengwa kwa stendi na jambo limefungwa. Uchaguzi uliofuata hakugombea. Hakulizungumzia tena, ila kila msimu alifunga usipa kwenye kiroba na kuutuma Ukata kwa lori.

Siku hizi baraza lina ukumbi wenye feni na vioo, na hakuna anayekaa nje kusikiliza. Akina mama wa ng'ambo wamezeeka, binti zao wameolewa mbali au wanauza simu. Watoto wa pale hawajui kufukuza kunguru. Ufukwe ni safi, nakubali. Wageni wanausifu.

Safari ile, baada ya kumwona mama, nilipanda hadi Ukata. Mama mkubwa alikuwa ameshafariki. Binti yake, sasa naye mtu mzima mwenye mvi, alinipokea uani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi tangu njiani. Aliweka ungo chini, akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Mama hadi siku zake za mwisho, kila aliyetoka ziwani alimuuliza: yule mtoto amenenepa?"

Nikasimama tu pale uani, mikono imelegea, ili anione vizuri.