Neno la Mzee Kutoka Kinindo

Mimi napenda kanisa lenye mlango. Napenda mtu ajue ameingilia wapi na atatokea wapi, na aliyechelewa aonekane na wote akitafuta nafasi kwa aibu. Kanisa langu la Rohero lina milango mitatu na shemasi kwenye kila mmoja, na sijawahi kumsikia muumini akilalamika kwamba milango imezidi.

Lakini siku hizi hapa Bujumbura makanisa yanaota popote. Liko linalokutana mahali pa kuoshea magari, watu wanaimba huku povu likiwarukia, kwa sababu biashara haiwezi kusimama kungoja baraka. Liko la ufukweni, ambalo mahubiri yake hukatika kila kiboko anapotokeza kichwa. Liko hata la kwenye simu tu: mchungaji anatuma sauti yake, na waumini wanajibu amina kwa picha ya kidole gumba. Shemeji yangu anasema amebatizwa humo. Maji waliyapitisha wapi, hajanieleza.

Nilikuwa nayacheka mambo haya kwa moyo mweupe kabisa, mpaka binti yangu alipoanzisha la kwake.

Ni kitinda mimba wangu. Alisoma teolojia kuliko mimi, akarudi Rohero akaomba kuhubiri, wazee wetu wakampa darasa la watoto wa chekechea. Alivumilia mwaka mmoja, kisha akaenda zake Gasenyi na kuanza kukusanya watu Jumamosi alasiri katika ua wa kabare. Kabare, kwa asiyeijua Bujumbura, ni baa. Hawana mimbari. Wanakaa duara, kila mmoja anasema neno lake, na badala ya kikombe cha Meza ya Bwana wanaweka chungu kimoja katikati na kuvuta kwa mirija mirefu, kama babu zetu walivyokunywa pombe. Yeye aliniapia kwamba chunguni mna umutobe tu, yaani maji ya ndizi mbivu kabla hayajachacha.

Wazee wa Rohero walitetemeka. Walikubaliana kwamba Jumapili ya pili itasomwa kutoka mimbarini ama kwamba kusanyiko lile ni letu, ama kwamba si letu, na yeye si wetu pamoja nalo. Wakanituma mimi nikaangalie.

"Pasta, tutafata neno yako," alisema mkubwa wao. "Lakini usiende kama baba."

Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu asiye na mtoto. Na nikiri jambo: neno langu nilikuwa nalo tayari mfukoni. Nilitaka wakatae, ili mwanangu achoke na mambo ya chungu, arudi nyumbani, akae kwenye benchi la mbele ambako mama yake angemwona.

Yeye alijua. Aliniletea chai barazani kwetu Kinindo, akasimama na sinia mkononi.

"Papa, wakisema si kanisa, watu yangu wataenda wapi? Kwengine kote walishafukuzwa."

"Tutaona," nikasema. Kwetu baba akisema tutaona, mtoto huwa ameshaona.

Jumamosi ile nilivaa suti yangu nyeusi ya mazishi, maana niliona inafaa. Petroli ilikuwa imepotea mjini kama kawaida, kwa hiyo muumini mmoja mwenye akiba kwenye jerikani alinifikisha Gasenyi, nami nikafika nimechelewa, jambo ambalo ningemsema mtu mwingine. Kabare ile ilikuwa na nyua mbili zilizotenganishwa na ua wa michongoma. Nilisimama langoni nikijiuliza nishike upi, ndipo mama mmoja aliyevaa imvutano nzuri ya njano, lile vazi la heshima la kufunga begani, akanijia mbio.

"Ni we mzee wa Kinindo?"

"Ndiyo mi."

"Mungu ashukuriwe! Mafuta ilikusumbua? Tulikungojea mpaka tumechoka. Kuya, kiti yako iko mbele."

Nikajua binti yangu amenipigia hesabu na kuwaambia nitakuja. Ujanja wake huo ameurithi kwangu. Nikaketi kwenye kiti chenye mto, nikaweka mikono juu ya magoti na uso wa mtu aliyetumwa.

Na kweli, mambo yalikuwa kama nilivyoambiwa. Mimbari haikuwepo. Watu walikuwa wamekaa pande mbili wakitazamana, wamependeza kuliko watu wangu wa Krismasi. Katikati palikuwa na chungu na mirija. Binti yangu sikumwona, nikadhani anajificha kwa kunihofia, na hilo nalo lilinipendeza kidogo. Mama wa njano akanisogezea mrija kwa magoti mawili. Nilifumba macho, nikaomba kimoyomoyo, nikavuta. Umutobe ule ulikuwa umechacha kidogo. Nikalaumu joto. Nikavuta tena ili nisiwaudhi, na mara ya tatu kwa sababu ambazo sizikumbuki vizuri.

Kisha mzee mmoja wa upande wa pili akasimama, akavua kofia, akashika maikrofoni.

"Wazee, tunawasalimia. Sisi tuko watu wenye kupotelewa. Mutamba yetu ilituponyoka, tukafata nyayo yake mpaka apa kwenu. Tunaona ni kama iko umu ndani. Atuna nguvu, atuna maneno. Tunaomba tu mutuonee huruma."

Nikakaa wima. Mtamba, ng'ombe jike mchanga ambaye bado hajazaa! Mwalimu wetu chuoni alitufundisha mwaka mzima namna ya kuivika Injili nguo za watu wetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwelewa. Na hapa Gasenyi, katika baa, wamemgeuza kondoo aliyepotea kuwa ng'ombe, na Mrundi gani hatalia kwa ajili ya ng'ombe?

Upande wetu kijana mmoja akajibu kwa ukali wa kuigiza: "Apa mitamba ni mingi. Ile yenu iko namna gani?" Yule mzee akaeleza kwa unyenyekevu, akakataliwa. Akaomba tena, akaahidi ng'ombe kama mtu anayetubu, akakataliwa. Hakukasirika wala hakuondoka. Alisema wako tayari kungoja mpaka kesho, mpaka mwakani, mradi wasirudi bila yeye. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wanawake wawili wakafuta machozi. Wakaleta makreti ya bia kama sadaka, nikayasamehe. Mimi nimehubiri miaka mingi juu ya kubisha hodi mpaka ufunguliwe, na sijawahi kumwona mtu akibisha vile. Neno nililokuja nalo mfukoni likaanza kunichoma.

Ndipo mama wa njano akanyanyua maikrofoni na kuniwekea mkononi. "Sasa mzee wa Kinindo atatupa ijambo."

Ijambo ni hotuba, na Mrundi akiombwa ijambo hakatai hata akiwa na homa. Nikasimama. Chungu kikasimama pamoja nami.

"Ndugu zangu," nikasema, "nimetumwa hapa kuangalia kama hili ni kanisa. Nilikuja na moyo mgumu. Leo natangaza mbele ya mbingu na nchi: hili ni kanisa! Mmekaa kwa upendo, mnasikilizana, mnamlilia mmoja aliyepotea. Na yule mliyemtafuta yumo humu. Sisi ni nani hata tumzuie? Sisi ni nani hata tumwekee bei? Neema haina bei! Msitoe ng'ombe, msitoe kitu chochote. Mchukueni bure! Mchukueni leo!"

Palikuwa na kimya kifupi ambacho nilikielewa kuwa ni kimya cha Roho. Kisha upande wa pili wote ukaruka juu. Vigelegele vilipanda, kofia zikarushwa, yule mzee mnyenyekevu akanikumbatia akilia. Upande wetu hakuruka mtu. Mama wa njano alikuwa ameketi chini, kwenye mchanga, na imvutano yake yote.

"Bure?" akaniuliza. "Mutoto yetu, bure? Na ngombe?"

Kijana aliyekuwa akijibu kwa ukali akanishika mkono. "Mzee, we ni ndugu ya baba kweli?"

"Baba yupi?"

"Baba ya mwari!"

Nikatazama makreti, chungu, pande mbili, mavazi. Mungu anisaidie, nimefungisha watu ndoa nusu ya maisha yangu, na posa sikuitambua hadi nilipokuwa nimekwisha kumtoa mwari bure. Wakati huohuo langoni akaingia mzee mwingine wa suti, jasho likimtiririka, akieleza kwamba ameacha gari kwenye foleni ya mafuta na kumaliza njia kwa miguu. Mzee wa Kinindo, wa kweli, ambaye nusu ya ukoo ilikuwa haijawahi kumwona.

Walimweleza, wote kwa pamoja. Upande wa bwana harusi ulikuwa umeshakaza: ijambo likitoka limetoka. Mzee wa kweli akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akachukua maikrofoni.

"Huyu muheshimiwa ametupa maneno ya mbinguni," alisema, "na tumemushukuru sana. Sasa tuongee ya Gasenyi."

Hata waliokasirika walicheka. Mama wa njano alinyanyuliwa akafutwa vumbi, mazungumzo yakaanza upya kwa ng'ombe kamili, nami nikaonyeshwa njia kwa adabu kubwa sana, adabu ambayo mtu huonyeshwa mara moja tu.

Nilipogeuka nilimwona binti yangu. Alikuwa amesimama kwenye upenyo wa michongoma, mikono kifuani. Maikrofoni ile ilikuwa imewapigia kelele watu wake wa ua wa pili alasiri nzima, na sauti yangu hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

Nilizunguka hadi upande wake. Kanisa lake lilikuwa watu wachache chini ya turubai: fundi wa pikipiki mwenye oili mpaka viwikoni, mama muuza parachichi, wanafunzi wawili wa kike, na mzee mmoja ambaye sisi Rohero tulimwondoa kwaya kwa sababu ya sauti. Huyu wa mwisho alijitahidi kutocheka, akashindwa. Mama wa parachichi akamfuata, halafu wote. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, kama anavyocheka mtu asiyetaka kuulizwa swali.

Binti yangu hakucheka.

"Papa," alisema polepole, "mutoto ya watu, ata jina yake aukuijua, ata sura yake aukuiona. Umemutoa bure, umesema neema aina bei. Mi mutoto yako. Mi umekuja kunipima."

Kicheko kilikatika. Fundi akaangalia mikono yake. Ng'ambo ya michongoma walikuwa wakibishana kwa furaha juu ya rangi ya ng'ombe, nami nilisimama pale na suti yangu ya mazishi. Neno lake liliniuma. Liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu alilisema bila hasira, kama mtu aliyelizoea.

"Nisamehe, mama," nikamwambia mbele ya watu wake. Kwetu binti aliyepewa jina la bibi yake tunamwita mama. "Jumapili nitasimama mbele ya wazee. Nitawaambia hili ni kanisa. Nitalisema kwa nguvu kuliko nilivyosema kule."

Alitikisa kichwa.

"Kanisa aujaliona bado, Papa. Uwaambie tu kwamba ulikaa na sisi."

Nilikuwa bado nimesimama. Yule mzee wa kwaya akasogea kidogo kwenye benchi lake, nikakaa.