Kamba Iliyorudi Nakuru Kumtafuta Fundi Wake

Ukungu wa asubuhi bado umelala juu ya mlima Menengai, na Dalmas Achola anatembea kinyumenyume. Hajalewa. Amejifunga furushi la katani tumboni kama mama aliyemhamishia mtoto mbele. Vidole vyake vinachopoa nyuzi, gurudumu lililo mbele yake linazisokota, na kila anaporudi hatua moja nyuma, uzi unarefuka.

Kibanda cha kamba kiko karibu na reli ya Nakuru. Ni kirefu kuliko kanisa lolote la mji huu, na wanaokesha humo ni panya tu. Dalmas amekipita kwa mgongo tangu vita vya Hitler vilipokwisha.

"Siku ya kiama huyu atafika mbinguni kisogo kwanza," anasema Nabalayo, mama anayechana katani pale mlangoni, bila kuinua macho. "Petro atauliza, hii ni kichwa ya nani?"

"Shemeji, nitafika hivyo ili nikuone vile umebaki nyuma," Dalmas anajibu, na kibanda kizima kinacheka.

Kwa kazi hiyo analipwa shilingi tisini kwa mwezi, na magoti yanayoijua mvua kabla ya mawingu. Bahari hajaiona. Ziwa analolijua vizuri ni la kwao Nyanza, na hata hilo, anasema, "tulisalimiana kwa mbali." Hata hivyo, mwaka jana ajali ya baharini ilipanda reli kutoka Mombasa ikaja kumtafuta yeye.

Nje ya bandari, tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta nyingine, ilikuwa inakokota tishari, chombo bapa cha mizigo, lililojaa saruji. Bahari ilichafuka. Kamba ikakatika, tishari likagonga mwamba, na baharia mmoja akafa maji. Serahangi wa tagi, mkubwa wa mabaharia, akasimamishwa kazi. Alishukiwa kwamba alifunga kamba iliyochakaa huku akijua. Wengine walinong'ona kwamba ilikatwa makusudi, na katika siku hizi za Hali ya Hatari, neno hujuma halitamkwi kwa mzaha.

Mchunguzi aliyetumwa alikuwa nahodha mstaafu, Mzungu mwembamba ambaye kibandani walimwita Kapteni tu. Alikuwa amewahoji mabaharia mmoja mmoja, kila mtu peke yake, wasije wakapatana maneno. Alikuwa amepima upepo na maji kupanda na kushuka. Kisha akabeba ncha mbili za ile kamba ndani ya gunia na kuanza kuzunguka kwa watengenezaji, hadi akafika Nakuru.

"Kamba nayo ni shahidi," Dalmas anaeleza. "Ukiikata na kisu, uso wake unakuwa sawa kama mkate. Ikisuguliwa na chuma, inaota ndevu upande mmoja. Ikizidiwa na mzigo, inakatika ndefu ndefu, kila uzi na mahali pake. Lakini ile ilikatika fupi, na ukiiminya, ndani inatoka vumbi."

Vumbi lile lilikuwa na maana mbili tu. Kamba iliharibikia melini, au ilitoka kwa fundi ikiwa tayari imeoza, imesokotwa kwa katani mbichi isiyokauka. Kama ni la pili, maiti ya yule baharia ilikuwa na mwenyewe Nakuru.

Katika kibanda hiki kila fundi hutia uzi mmoja wa rangi yake ndani ya kamba. Uzi wa Dalmas ni wa buluu. Kwenye zile ncha, jua na chumvi vilikuwa vimeila rangi yote ya juu. Msimamizi wa kibanda, Kosgei, alimvuta Dalmas kando.

"Achola, wewe nyamaza. Rangi imekufa. Huyu mtu ataenda kuuliza Nairobi, ataenda Juja, atachoka."

"Na kama ni yangu?"

"Ndiyo sababu nakwambia unyamaze!"

Dalmas alirudi kwenye meza ambapo Kapteni alikuwa ameziweka zile ncha, akazifumua nyuzi hadi kwenye kiini, mahali ambapo jua halifiki. Buluu ilikuwepo, hafifu lakini ipo.

"Bwana Kapteni, hii ni mimi nilitengeneza."

Nabalayo anaikumbuka saa hiyo vizuri. "Nilijua amerukwa na akili. Nikamwambia, Dalmas, hata Petro alikana mara tatu, wewe hata moja imekushinda?"

Kapteni hakumkaripia wala hakumpongeza. Aliuliza swali moja kwa Kiswahili chake cha shambani: "Iko ndugu yake?"

Ilikuwepo. Dalmas alikuwa amesokota kamba mbili wiki ile, kwa katani ya shehena moja. Ya pili ilikuwa bado ghalani, haijauzwa. Kapteni akaamuru ipimwe kesho yake. Ikihimili tani tano, kamba iliondoka Nakuru ikiwa nzima. Ikikatika kabla ya hapo, Dalmas angekuwa na mengi ya kujibu.

Usiku ule hakula. Mkewe, Jenipha, alimpakulia, akamtazama, akampakulia tena, kana kwamba shida ilikuwa kwenye ugali.

Kesho yake kamba ilining'inizwa kwenye winchi ya uwanja wa mbao. Lori kutoka Elburgon lilileta magogo ya mwerezi, yakawa yanapimwa na kuongezwa moja baada ya jingine. Makuli waliacha kazi. Wengine waliweka dau la sigara, na kwa aibu ya Nakuru, wengi waliweka kwamba itakatika.

Kamba ililia. Ilinyooka, ikawa nyembamba. Tani tatu. Nne. Ilipofika tano, Kapteni akavua kofia, akasema, "Ongeza." Gogo jingine likapanda. Kamba haikukatika.

"Nilikaa chini," Dalmas anasema. "Si furaha. Tangu jana sikuwa nimekula."

Mkemia wa Nairobi, aliyepelekewa zile ncha, ndiye aliyemaliza neno. Ndani ya kamba ya ajali alikuta maji makali ya betri. Kwenye tagi ile, betri ziliwekwa juu ya sanduku la kamba, zikawa zinaidondoshea maji hayo taratibu, yakila kiini huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Serahangi alikuwa ameulalamikia mpango huo, na hakusikilizwa. Baraza la uchunguzi lilimrudisha kazini.

Kibandani, badala ya ngoma, kulizuka mkutano. Mafundi walitaka uzi wa rangi uachwe kabisa. "Tutajiwekea mtego sisi wenyewe?" Kosgei aliuliza.

Dalmas alisimama, jambo analolifanya kwa shida. "Bila uzi, kamba isingejulikana ni ya nani. Isingejulikana, ndugu yake isingepatikana. Basi yule serahangi angefungwa, na zile betri zingeua mwingine. Anayetaka kuacha, aache. Mimi natia."

Kila mmoja aliendelea kutia, wengine kwa kununa.

Sasa Dalmas ana mpango unaozua maneno hata bila ajali. Magoti yake hayatarudi nyuma kwa miaka mingi zaidi, na anataka kumwachia Nabalayo nafasi yake. Hakuna mwanamke aliyewahi kusokota kamba kibandani humo. Mafundi wanacheka, Kosgei bado anakuna kichwa, lakini jioni, wengine wakitoka, mama huyo hujifunga furushi tumboni na kuanza kurudi nyuma, akigonga nguzo na kuzitukana.

Wiki iliyopita Dalmas alimwambia achague rangi yake. Alimshauri kijivu, isiyoonekana sana, mpaka mkono uzoee.

"Kijivu cha nini?" Nabalayo alisema, akichovya uzi kwenye kopo la rangi. "Mimi nataka manjano. Wakija kunitafuta, wasisumbuke."