Filamu Iliyoipatia Ndoo

Ndoo waliipatia. Nawapa haki yao. Ilikuwa ndoo ya bluu, kishikio kimekatika na kufungwa kamba ya katani, na kwenye filamu imekaa palepale ilipokuwa ikikaa, kando ya mlango wa uani. Jiko la mkaa walilipatia. Pazia la maua walilipatia. Hata kiti cha kusukia nywele cha marehemu dada yangu, kile chekundu cha plastiki chenye ufa mgongoni, walikitafutia pacha Temeke nzima mpaka wakampata. Mtu asiyemjua dada akiitazama filamu ile ataapa kwamba walioitengeneza walikuwa wapangaji wenzake.

Walichokosea ni dada mwenyewe.

Aliuawa na mumewe katika nyumba ya kupanga huku Mtoni, binti yake akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kesi ikazungumzwa redioni, magazetini na vijiweni, mpaka watu wa Gongo la Mboto ambao hawajawahi kukanyaga mlango wetu wakawa na habari zetu kuliko sisi wenyewe. Mume alihukumiwa, yuko gerezani, na mimi sina la kumwongezea. Binti nilimchukua nikamlea. Ananiita mama mdogo, na sasa ni msichana wa sekondari mwenye kicheko cha mama yake na ubishi wa mama yake.

Miaka ikapita, tukadhani yamelala. Ndipo wakaja watu wa filamu.

Walikuja kwa adabu, siwasingizii. Muongozaji wao, kijana mpole mwenye rasta, alimwamkia mama yangu shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Sisi ni watu wa Kusini, mama ametokea Newala, na kwetu mgeni akiondoka na njaa ni aibu ya ukoo mzima. Mama akasonga ugali wa muhogo, akaunga kisamvu kwa korosho, wakala mpaka wakalegeza mikanda. Halafu wakauliza, na kila walichouliza tukajibu, kwa sababu aliyekula chungu chako huwezi kumfungia mlango wa maneno. Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani mtu akishakula kwako atakuonea haya.

Maswali yao yote yalikuwa ya vitu. Ndoo ilikuwa rangi gani? Pazia je? Marehemu alipenda kuvaa nini? Mimi ni fundi cherehani, wakaniomba nimshonee mwigizaji gauni kwa kutazama picha ya dada. Nililishona huku machozi yakinitoka, lakini nililishona sawasawa: shingo ya duara, mikono mpaka kwenye viwiko, kitenge cha kijani kama kile chake.

Nikamweleza muongozaji na yale ambayo hakuyauliza. Nikamwambia dada alikuwa ameshamwacha yule mwanaume na kurudi kwa mama na mtoto wake. Alikuwa amepata kona kwenye saluni ya Mabibo, karibu na hosteli za wanafunzi, mahali ambapo vichwa vya kusuka havikauki. Alirudi kwenye ile nyumba kuchukua kiti chake na vitana vyake tu, ili Jumatatu aanze kazi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, kamba za uani zimejaa nguo na watu wanafua. Nyumba zile kuta zake hazifiki kwenye bati. Ukikaanga pilipili chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanapiga chafya. Dada alipiga kelele, na uani pale kila mtu alimsikia. Hakuna aliyegonga mlango. "Ya ndoa hayo," walisema baadaye. "Nani angeingilia?"

Muongozaji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kidevu.

"Pole sana, dada'angu. Lakini hapo filamu haisimami. Mtazamaji atauliza, mwanaume mzima amuue mkewe bila sababu?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Nakuelewa. Ila lazima tuweke kitu."

Kitu walichoweka kilikuwa mwanaume. Hawara wa dada yangu, eti, mwenye gari jeupe na cheni shingoni. Katika filamu dada harudi kuchukua kiti. Anarudi kuchukua picha alizopiga na huyo hawara. Ni usiku, mvua inamwagika, radi zinapasua, na majirani wamelala usingizi wa watu wema. Wanaposhtuka wanakuja na gogo, wanavunja mlango, wanakuta wamechelewa kidogo tu, wanalia. Gauni langu walilikata shingo likashuka mpaka kifuani, na aliyelikata hakujua hata kupinda. Dada anakufa akiliita jina la hawara. Na kabla ya yote hayo, mwanzoni kabisa, kuna maandishi makubwa: KISA CHA KWELI.

Watu waliipenda. Mtaa wetu uliipenda kuliko mitaa yote. Nani asiyependa kuonyeshwa akivunja mlango?

Vipande vyake vikaanza kuzunguka kwenye simu, na siku moja binti akarudi kutoka shuleni akasimama mbele ya cherehani bila kuvua viatu.

"Mama mdogo, mama alikuwa na mwanaume mwingine?"

"Hakuwa naye."

"Sasa mbona vingine vyote ni vya kweli? Kiti ni kilekile. Hata ndoo ni ile ya kwenye picha."

Kumbe ile ndoo ndiyo iliyokuwa shahidi wao. Ukweli wa ndoo uliubeba uongo wa hawara mgongoni, ukauvusha mto, ukautua mbele ya mtoto wangu. Nilimweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Akaitikia kwa kichwa, namna watoto wanavyomwitikia mkubwa wasiyemwamini. Mimi nilikuwa na maneno matupu, na wao walikuwa na mvua na radi.

Jumapili iliyofuata banda la video la mtaani kwetu likatangaza kwamba litaionyesha. Mama aliponiona navaa baibui na kumshika binti mkono, alijua.

"Yaache, mwanangu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Mama, haya hayajapita. Yanaonyeshwa saa tisa."

Banda lile ni la mabati matupu, mchana unaivia humo kama muhogo chunguni. Kwa kawaida ni la wanaume, mpira na filamu za Kichina. Kwenye kona anakaa DJ na kipaza sauti chake, anapunguza sauti ya filamu na kuitafsiri juu kwa juu. Huyohuyo ndiye jambazi, ndiye polisi, ndiye binti anayelilia mchumba. Siku hiyo, kwa kuwa filamu ilikuwa ya mtaa wetu, hata kina mama walikuja na vigoda vyao. Niliwaona waliokuwa wapangaji wenzake dada, wamekaa mbele kama wazazi wa bwana harusi.

Nilimwendea DJ.

"Naomba kipaza sauti. Nataka kutafsiri."

"Sista, hii ya Kiswahili. Haitafsiriwagi."

"Hii ndiyo inayohitaji kutafsiriwa kuliko za Kichina zote."

Alinitazama, akamtazama binti, nafikiri akaiona kwake sura ya marehemu. Akashusha sauti, akanipa kipaza.

Nikaanza. Likaja gari jeupe, nikasema, "Gari hili halijawahi kuingia mtaa huu. Nyie wenyewe mnajua, hata bajaji hapa inapita kwa ubavu." Wakacheka. Akashuka hawara, nikasema, "Huyu simjui. Hata nyie hamumjui. Ameletwa ili muulize alifanya nini marehemu, msiulize alifanya nini muuaji." Hapo kicheko kikakatika.

"Aah, we dada, unatuharibia filamu bwana!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Filamu ni yenu, marehemu ni wangu. Kaa hapo hapo."

Ikanyesha ile mvua. "Hakukuwa na mvua," nikasema. "Ilikuwa saa nne asubuhi. Kamba zilikuwa zimejaa nguo." Dada wa filamu akafungua kabati kutafuta picha. "Hakuja kuchukua picha. Alikuja kuchukua kiti, aende kazini." Majirani wa filamu wakatokea na gogo lao, wakaupiga mlango. Nikawageukia majirani wa kweli.

"Na hili gogo," nikasema, "naomba aliyelibeba asimame tumshukuru."

Hakuna aliyesimama. Mashabiki wa mpira, wanaume wa kupiga kelele mpaka mabati yanalia, wakawa wanatazama ndala zao. Mama mmoja akachukua kigoda chake akatoka bila kuaga, na mwingine nyuma yake. Sikuwasikitikia hata kidogo, na mpaka leo siwasikitikii.

Kisha akainuka bibi wa chumba cha pili, yule aliyekuwa amepakana na dada ukuta kwa ukuta. Sasa ni mtu mzima sana, anashika bega la mtu ili asimame.

"Mwanangu, usituonee," akasema. "Sie tulidhani ya ndoa. Wangapi wanapigana asubuhi, jioni wanakula sahani moja?"

Nilikuwa na jibu, tena kali, limeshanifika kwenye ncha ya ulimi. Binti akaniwahi. Alisimama katikati ya mabenchi, amevaa kanga na blauzi, mikono ameifunga mbele kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, siku ile mlimsikia mama. Alikuwa anaita jina la nani?"

Kwenye skrini dada wa filamu alikuwa akifungua na kufumba mdomo bila sauti, akimwita hawara wake. Bibi alimtazama yule, akamtazama binti.

"Alituita sie," akasema. "Mmoja mmoja, kwa majina. Mie aliniita wa kwanza, tena wa mwisho."

Hilo hata mimi nilikuwa silijui. Nililia mbele ya mtaa mzima, na sikujifuta.

Binti hakulia. Alimsaidia bibi kukaa, taratibu, akamwekea sawa mtandio wake begani. Kisha akageukia kona.

"Braza DJ, rudisha mwanzo," akasema. "Halafu mpe mama mdogo maji. Bibi atatafsiri pale mama anapoita."

Na DJ akarudisha mwanzo.