Nilipopaswa Kunyamaza

Siku moja hainitoki, mwanangu: siku tuliyomfukua Chacha. Mkono ulitangulia kuonekana. Niliujua kwa kovu la kidole gumba, maana lile kovu lilitokana na kusokota nyuzi za litungu langu, kile kinubi cha kwetu.

Ngoja nirudi nyuma.

Mimi niliishia darasa la nne. Ng'ombe wetu wa kulimia alipokufa, majirani walikuja na visu, lakini mama akasimama mlangoni: "Kano kwanza, ndipo nyama. Mwita anataka litungu." Chacha, rafiki yangu wa kuchunga naye, akashika ncha moja ya kano na mimi nyingine, tukazisokota mpaka zikamkata. Nyuzi nane. Vidole vilikuwa vyangu, ila maneno ya nyimbo yalikuwa yake. Alikuwa anaweza kumsifu hata beberu.

Dhahabu ilipotoka kule Tarime, watu wakafurika kutoka kila mkoa. Nasi tukaondoka kijijini kwetu Manchira, tukapata kazi kwenye duara, yaani shimo, la tajiri mmoja, Magoiga. Chacha akashuka kuchimba, mimi nikabaki juu kupiga litungu ili wavuta kamba wavute kwa pamoja. Siku ya kwanza Chacha aliniambia, "We Mwita, mimi kule chini sioni kitu. Ukipiga, nachimba. Ukinyamaza, napanda."

Tukakubaliana hivyo. Magoiga mwenyewe alikuwepo, akacheka.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi nikaona ufa mdomoni mwa shimo, na ile miti ya kuzuia udongo ikaanza kulia. Nikaondoa mkono kwenye nyuzi.

"Piga!" Magoiga akanifokea. "Ukinyamaza watapanda wote, na jiwe limeanza kuonyesha dhahabu."

"Mzee, miti inalia."

"Inalia miti au unalia wewe? Mama yako alidai kano za ng'ombe mzima ili upate litungu la woga?"

Wavuta kamba wakacheka. Nami kijana, mwanangu, kicheko kikaniuma kuliko ule ufa. Nikapiga, tena kwa nguvu.

Wawili waliokuwa karibu na ngazi waliisikia miti, wakapanda kabla shimo halijaporomoka. Chacha alisikia litungu.

Mbele ya watu Magoiga akasema Chacha alishuka bila kutumwa. Nilikuwepo, nikainamisha kichwa. Nilipiga pa kunyamaza, nikanyamaza pa kusema. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, ila wangu nimezeeka naye.

Nyumbani baba alitaka litungu lichomwe. Mama akalikumbatia. "Hizi kano nilizidai mimi. Atapiga, na atasema mwenzake alivyokufa. Kwanza kwa mama yake." Akanishika mkono mpaka kwa mama Chacha. Nilisema yote. Yule mama hakunipiga. Aliomba nipige wimbo mmoja wa mwanawe. Katikati vidole vikagoma. Tukakaa kimya, kisha nikamalizia.

Tangu hapo kila wimbo wangu una kimya katikati. Kwenye harusi za Mugumu vijana hunitania: "Babu, uzi umekatika?" Nawaambia subirini. Nampa Chacha nafasi apande.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, wewe unayejifunza kupiga. Muziki wako hautoki kwako peke yako. Kuna aliyekudaia kano na kuna aliyeshika ncha ya pili. Anayekuamini kwa masikio, usimdanganye kwa sababu ya tajiri, wala kwa kuogopa kuchekwa. Ukiona ufa, nyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mungu akupe vidole vyepesi, na rafiki wa kusokota naye, na akujalie uzeeke naye.

Na wewe Magoiga, najua utasomewa haya. Uko hai, unakaa benchi la mbele kanisani, unaamkiwa shikamoo. Mama Chacha naye yu hai, macho yamefifia lakini masikio mazima. Mimi langu nilishamwambia. Nenda kamwambie kwa kinywa chako ni nani aliyesema "Piga!" Utaenda lini?