Mafiga ya Mama

Mimi si mtu wa safari. Nikifika kisimani naona nimeizunguka dunia. Kwa hiyo mama aliponiambia nimpeleke kwenye mahame yetu ya zamani, nilisingizia tairi la baiskeli, nikasingizia jua, nikasingizia hata kuku aliyekuwa anaatamia.

"Anasubiri umsaidie kulalia mayai?" mama akauliza.

Miguu yake ilikuwa imevimba, na mganga wa zahanati alikwisha acha kumpangia siku ya kurudi. Alibaki na haja moja: aone kaburi la mdogo wangu, kitinda mimba wake, aliyekufa kabla hajaota meno. Tulimzika ndani ya boma, kando ya ua wa minyaa. Muda si mrefu operesheni ya serikali ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa ikatuhamisha.

Nilimpakia kwenye keria, nikaisukuma baiskeli.

Siku tuliyohamishwa nilikuwa na miaka kumi. Nyumba imekwisha ezuliwa, lori linaunguruma, mama yuko juu amekumbatia mtungi. Akanipigia kelele, "Mafiga! Kimbia ulete mafiga!" Yalikuwa mafiga aliyopewa na mama yake alipoolewa. Nikakimbia. Jikoni nyasi za paa zimeangukia moto, moshi umejaa, na mawe yenyewe bado yanachoma. Dereva anapiga honi. Kando ya minyaa kulikuwa na mawe matatu meupe, ya baridi, ukubwa uleule. Nikayabeba moja moja.

Nilijua ni ya nini. Sitajifanya sikujua.

Kule kijijini mama aliyageuza geuza. "Mbona yamekuwa meupe?"

"Vumbi la lori, mama."

Akanicheka, akawasha moto. Wiki haikuisha, masizi yakanitetea. Ugali wa miaka kumi na mmoja umeivia hapo, nami nimeula, na ukoko nimekwangua. Sekondari walipotufundisha aina za miamba niliongoza darasa zima. Nani angenishinda?

Tulipofika, minyaa ilikuwa imebaki upande mmoja tu. Kwingine kote pamba. Mwanamume mmoja alikuwa anapalilia.

"Shikamoo, mayu," akamsalimia mama, kwa heshima ya Kisukuma ya kumwita mama.

"Marahaba, baba. Mwanangu amelala hapa. Ana mawe matatu."

"Mawe? Tangu nianze kulima hapa, jembe halijagonga jiwe hata moja. Ningeyaona ningepakwepa, mayu. Haki ya Mungu."

Mama akapiga magoti kwenye tuta. Akaanza kupapasa udongo kati ya mipamba, tuta hili, tuta lile, akijivuta na ile miguu yake. "Ni matatu," alikuwa anasema. "Niliyapanga mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Wewe mwenye macho, mbona umesimama kama mgeni wa harusi? Tafuta!"

Nikainama. Nikapapasa. Ndiyo, nilitafuta pamoja naye, huku najua yalipo, mpaka nilipoona kucha zake zinatoka damu.

"Mama, yako nyumbani. Ndiyo mafiga."

Yule mwanamume akaacha kupalilia. Mama akabaki amepiga magoti, mikono ndani ya udongo.

"Yote matatu?"

"Yote."

"Hata moja ulishindwa kumwachia?"

Nikampakia tena kwenye keria.

Njia nzima ya kurudi hakunitania, na mama alikuwa mtu wa kunitania hata akiwa na homa. Nyumbani aliniamuru nizime moto, niyatoe mafiga nje. Akakaa chini, akachukua kisu, akaanza kuyakwangua masizi. Chakula alikataa. Nilipotaka kumpokea kisu alinipiga kwenye mkono, kidogo tu, kama anavyopigwa mtoto anayedokoa nyama.

Alikwangua siku nne. Mawili yakarudia weupe wake. La tatu nilimalizia mimi, haraka haraka, wanaume wakiwa wamekwisha fika na majembe, wananiuliza tumchimbie mama wapi.